Sauti ya Bunding na Mkono wa Rosenda

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe ishirini na moja Julai, saa saba na dakika kumi mchana, mgahawa ukiwa umefurika familia zilizotoka kanisani. Abundio Laguatan, ambaye mtaa mzima wa Malate humwita Bunding, alikanyaga pedali yake ya kubadili sauti, akavuta uzi wa tatu wa gita, akaupinda kama alivyozoea, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

Ilikuwa safi, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Sauti ya Bunding ilikuwa na mkwaruzo ndani. Ukiigusa polepole inanung'unika. Ukiibana inalia kama mtu aliyejikaza msibani mpaka akashindwa. Miaka ishirini na tisa aliisaka sauti ile. Alibadilisha spika nne, alifunga nyuzi za kila unene, alinunua pedali hadi uvungu wa kitanda ukajaa. Mwisho aliipata kwenye ampu moja kuukuu ya kukuzia sauti, ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, aliyoiweka kwenye jukwaa hilihili la mgahawa. Miaka miwili tu ameishi nayo. Sasa imekwenda, watu wanaendelea kutafuna pweza, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Na mtu pekee aliyeifungua ampu ile wiki ile ni mwanamke aliyempenda.

Walikuwa wamekutana mwezi Mei, mtaa wa Raon, Quiapo, siku ya Ijumaa, siku ambayo watu humiminika kumwomba Mnazareti Mweusi, sanamu ya Yesu ya kanisa la pale, na njia zote hujaa mishumaa na migongo. Raon kila duka lina spika mlangoni, na kila spika inataka kuimeza ya jirani. Bunding alikuwa anabishana na muuzaji juu ya pedali moja ya kijani.

"Hii ni halisi, kaka. Naapa kwa mama yangu," muuzaji akasema.

"Mama yake mzima, na ameshamwapia mara tisa tangu asubuhi," sauti ikatoka nyuma. "Kaka, tazama skrubu hizo. Hiyo imefunguliwa zaidi ya mara moja."

Bunding akageuka. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, gauni la manjano lenye vidoti, ndala za mpira, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, na kwenye kidole gumba kovu la mviringo, la chuma cha kuchomelea.

"Na wewe dada umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayeitengeneza kila ikirudi."

"Rosenda!" muuzaji akalia. "Unanivunjia biashara!"

"Nakupunguzia dhambi, Ijumaa ya leo."

Bunding akacheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe, maana kilikuwa hakijatoka tangu afe mkewe, Choleng. Choleng alifia kwenye benchi la hospitali, miaka sita sasa, ameshika karatasi ya foleni yenye namba themanini na nne. Dirishani walikuwa wamefika thelathini na moja. Walioipanga foleni ile wenyewe hawakusimama ndani yake hata siku moja. Tangu hapo Bunding alikuwa mtu wa kutafuta nani amekosa. Wakubwa hakuwafikia, basi aliyekuwa karibu ndiye aliyebeba lawama.

Kibanda cha Rosenda kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la redio. Ufundi aliurithi kwa baba yake aliyetengeneza redio za meli. Bunding akaanza kupeleka vitu vibovu. Vibovu vilipokwisha, akaanza kupeleka vizima.

"Hii ina nini?" Rosenda aliuliza siku moja, ameshika waya wa gita.

"Sijui. Imekaa kinyonge tu."

"Waya mzima huu. Mnyonge ni mwenye nao."

Kufikia Juni simu ilikuwa inalia kila adhuhuri.

"Umekula?" Rosenda angeuliza.

"Nimekula. Samaki mkavu na wali."

"Samaki mkavu tena? Utageuka paka."

"Paka wako?"

"Paka wa jirani. Wangu nitamlisha vizuri."

Rosenda ndiye aliyeng'ang'ania ampu ifunguliwe. "Mpenzi, hizi kapasita zimevimba," alimwambia, akimwonyesha vikopo vidogo vilivyotuna tumboni. "Siku moja zitapasuka zikuunguze uso, na huo uso ninao mmoja tu."

Bunding alikubali kwa shingo upande. Alhamisi Rosenda akazibadilisha, wakaijaribu palepale kibandani, ikaonekana sawa. Lakini kwa makelele ya Raon nani anasikia sawasawa? Vile vya zamani akamrudishia ndani ya mfuko wa karatasi. Ndiyo desturi ya mafundi wa kweli pale: mzoga wa kifaa ni wa mwenye kifaa, auone kwa macho yake asije akasema ameibiwa.

Jumapili ikafika, sauti ikafa. Bunding alitoka akaenda nyuma ya jiko, miguu kwenye maji ya kuoshea samaki, akapiga simu.

"Rosenda, umefanya nini?"

"Na wewe habari za mchana."

"Umeniulia sauti! Miaka ishirini na tisa, wewe umeimaliza kwa alasiri moja!"

"Taratibu, mpenzi. Umekagua waya? Umekagua..."

"Usinifundishe! Choleng asingegusa kitu cha mtu kama hajui anachokigusa!"

Upande wa pili spika za Raon zilisikika kwa mbali, tatu kwa pamoja, nyimbo tatu tofauti.

"Abundio," Rosenda akasema. Hakuwahi kumwita jina lile zima. "Mimi si Choleng. Na mikono yangu haijaua kitu." Akakata.

Wiki mbili zilizofuata Bunding alihangaika. Alinunua pedali ya bluu, akaiuza, akanunua nyekundu. Alipeleka ampu kwa mafundi watatu: wa kwanza akasema tatizo ni valvu, wa pili akasema spika, wa tatu akamtazama kichwa chenye mvi akasema tatizo ni masikio. Simu ya adhuhuri haikulia tena. Samaki mkavu akawa mchungu.

Ndipo akapanda ngazi za Raon, ampu begani, mfuko wa karatasi mkononi.

"Zirudishe za zamani," alisema, hata hakusalimia.

Rosenda alivaa miwani. Alichomelea kwa saa nzima, moshi mwembamba ukimpitia usoni, kila kapasita iliyovimba akairudisha mahali pake kwa heshima ile ile aliyoitolea. Bunding alisimama mlangoni akitazama shingo yake.

"Kiasi gani?"

"Bure. Mikono inayoua haitozi."

Jumapili ya tarehe nne Agosti aliwasha ampu mbele ya watu, yenye matumbo yake yote ya zamani. Akavuta uzi wa tatu. Safi. Imekufa vilevile.

Gita likamning'inia shingoni zito kama kosa. Alijua sasa. Siku tatu alizunguka na simu mfukoni kama mtu aliyebeba kaa la moto, na Jumatano akaandika ujumbe: *Sauti bado imekufa.*

Jibu likaja kabla hajaiweka simu mezani: *Kwa hiyo aliyeiua si mimi.*

Akapiga. Ikalia mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Sema haraka," Rosenda akasema. "Nina redio imefunguka tumbo hapa."

"Nilikosa."

"Hilo nalijua. Sema nisilolijua."

"Samaki mkavu ameniganda kooni."

Pumzi ikasikika, kama ya mtu anayezuia kucheka kwa sababu bado ana hasira. "Nani amegusa kitu hapo mgahawani? Jukwaa? Waya? Ukuta?"

"Hakuna. Kila kitu kiko palepale."

"Hakuna, au hujaambiwa?"

Jumapili Rosenda akaja. Bunding alikuwa anafunga nyuzi alipomwona mlangoni: gauni jekundu la kubana kiuno, nywele juu, rangi ya mdomo, na mkoba mkubwa mno kwa mtu aliyekuja kula. Akaketi, akaagiza supu ya ukwaju ya kamba, akanywa vijiko viwili, kisha akainuka, akapanda jukwaani mbele ya watu wote. Akafungua mkoba. Kati ya rozari na kioo cha uso akatoa mita ya kupimia umeme, akachomeka ncha zake mbili kwenye soketi ya ukutani.

"Volti mia mbili thelathini," akasoma. "Haitikisiki hata kidogo."

"Si ni vizuri?"

"Kwa friji ni vizuri. Kwangu Raon saa hizi haifiki mia mbili, na hapa pia haikuwa ikifika, na jiko lile na viyoyozi vyote hivi. Valvu zako zilikuwa zinapiga kazi hazijashiba, Bunding. Ule mkwaruzo ulikuwa njaa."

Bunding akakaa juu ya ampu yake. "Miaka ishirini na tisa," akasema polepole, "mimi nanunua pedali."

"Na kutukana watu."

"Na kutukana watu."

Ising, mpishi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuitia mtu kutoka ng'ambo ya ghuba, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko anasikiliza. "Si lile sanduku la bluu kule stoo?" akasema. "Stebilaiza, la kunyoosha umeme usipande wala usishuke. Bosi aliliweka Jumamosi, siku moja kabla hujaanza kununa. Anasema ni la kulinda mashine mpya ya kuimbia."

Ndivyo walivyo wenye kushika funguo. Watabadilisha umeme wa nyumba nzima wasimwambie hata anayekaa chini yake, kisha watakaa kimya, wakati wanyonge wawili wanatoana macho kwa kosa lisilo lao.

Bosi Evaristo, mwenye mgahawa, akaja, shati lake la nyuzi za nanasi limepigwa pasi mpaka linakata.

"Nani huyu mwanamke ananichokoa ukuta?"

"Fundi wangu," Bunding akasema. "Bosi, turudishie waya wa zamani hapa jukwaani. Huu mmoja tu."

"Waya wa zamani ni mbovu."

"Naujua. Ubovu wake ndio naoutaka."

Bosi akawacheka, wakacheka na wateja wa meza ya mbele. "Kaka Bunding, nimenunua mashine ya nyimbo elfu kumi. Haili, haizeeki, haidai ubovu. Piga ulichonacho au kaa chini."

Bunding alimtazama Rosenda. Rosenda alimtazama Ising.

"Jikoni," Ising akasema, hamtazami mtu, "kuna soketi lile sanduku halikuifikia. Ndiyo inayobeba masufuria yangu ya umeme ya wali. Nikiyawasha yote matatu, taa zinasinzia."

Hakuna aliyetoa amri. Waya mrefu ulitoka nyuma ya jukwaa, ukapita chini ya meza ya familia moja, bibi wa familia ile akanyanyua miguu yake bila kuacha kula, ukaingia jikoni. Rosenda akasimama kwenye mlango wa jiko, mita mkononi, gauni jekundu limeshikwa juu lisiingie kwenye maji ya samaki.

"Washa la kwanza!"

"Limewaka!"

"Mia mbili kumi na tano. La pili!"

"Hilo!"

"Mia mbili na nne. La tatu, dada Ising, usinihurumie!"

Taa za jikoni zikanywea. "Mia moja tisini na sita!" Rosenda akapiga kelele. "Bunding, piga!"

Akakanyaga. Akavuta uzi wa tatu, akaupinda, na kilio kikatoka, na mkwaruzo wake, na machozi yake ya kujikaza. Kijiko kilianguka mahali fulani. Mtoto aliacha kulia asikie anayemzidi. Yule bibi aliyenyanyua miguu alisahau kuishusha.

"Chomoa!" Bosi Evaristo akasema.

Bunding akaendelea.

"Nasema chomoa! Ukimaliza wimbo huo huna kazi hapa!"

"Basi nitaurefusha," Bunding akasema ndani ya kipaza sauti, na mgahawa mzima ukalipuka kwa vicheko, na akaurefusha kweli. Aliwapigia walioketi kwenye mabenchi na namba mkononi, akawapigia waliotukanwa kwa kosa la wengine. Jasho lilimlowesha shati mpaka kiunoni. Dakika kumi na moja. Wali wa Ising uliungua masufuria yote matatu.

Kisha akazima ampu mwenyewe, kwa mkono wake, akamwinamia yule bibi, akatoka kwa mlango wa mbele.

Mvua ya Agosti ilikuwa inamwagika. Walisimama chini ya turubai, ampu katikati yao bado ina joto, Rosenda akiifuta matone kwa upindo wa gauni lake.

"Umefukuzwa," akasema.

"Nimetoka."

"Wali ndio umeungua. Wewe umetoka." Wakacheka. Kisha Bunding akaacha kucheka.

"Rosenda. Siku ile nilimshika marehemu nikamfanya fimbo ya kukupigia. Hakustahili yeye, hukustahili wewe. Nisamehe."

Rosenda alikuwa anaitazama kona ya ampu, anaifuta pahali palipokwishakauka.

"Sina jukwaa," Bunding akaendelea. "Nina gita, ampu mbovu, na pedali kumi na saba ambazo sikuzihitaji. Lakini nataka uniulize kila adhuhuri kama nimekula, na nataka unione mwenyewe kama nadanganya. Nataka nikuoe."

Rosenda akainua uso. Rangi ya mdomo ilikuwa imefutika yote kwa mvuke wa jiko. Akamshika shati kifuani, palipolowa, akamvuta karibu mpaka wakasikiana pumzi, wala hakumbusu.

"Kukupenda nakupenda, hilo usiniulize," akasema. "Ila nijibu hili kwanza. Siku sauti itakapokufa tena, maana itakufa, na pale hakuna bosi, hakuna sanduku la bluu, hakuna mkubwa yeyote wa kubebeshwa, tuko chumbani mimi na wewe tu, Abundio, utasema ameiua nani?"