Shati Lililokwisha Kuzikwa

Kitendawili. Sema tega, mjukuu wangu, usione haya. Nina ng'ombe wangu wa chuma: anakula moto, analamba nguo za watu, wala hazitafuni. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Ng'ombe huyo ni pasi ya mkaa, na mwenye ng'ombe, mchana ule wa jua la utosi, alikuwa amesimama kibarazani kwake, ameshika shati, analigeuzageuza.

"Fundi," aliita. "Hebu njoo."

Seremala wa ng'ambo ya njia aliacha randa yake, akaja na maranda kwenye nywele.

"Umeungua?"

"Nani kaweka shati hili mezani?"

"Si mteja?"

"Nilikwenda uani kupuliza mkaa. Narudi, nalikuta. Njia nzima tupu, hata kuku hayupo."

"Basi mteja wako ana haraka. Lipige pasi, Nyoosha, umshukuru Mungu."

Nyoosha ndilo jina alilobandikwa na majirani tangu aanze biashara. Mtaji wenyewe haukuwa wa kutisha: pasi ya bibi yake, blanketi kuukuu la kutandika, kopo lililotobolewa la kunyunyizia maji, na kipande cha mshumaa cha kusugulia pasi iteleze. Meza alichongewa na seremala huyo huyo, akakataa kulipwa. Haba na haba, mjane wa watu akawa anapata chakula chake bila kumpigia mtu magoti.

"Tazama kifungo hiki," alisema. "Uzi mwekundu juu ya shati jeupe. Nilikishona mimi, mweupe ulikuwa umeniishia. Akanicheka mpaka nikanuna."

"Nani huyo?"

"Unamjua."

Seremala alimjua. Mtaa mzima ulijua. Mume wa Nyoosha alikuwa mchimba visima. Siku moja kisima kikamfunika, na kila watu walipochimba kumtafuta, udongo uliporomoka upya. Mwili haukupatikana. Mama mkwe akasema mwanawe hatakosa kaburi. Akakusanya nguo zake zote, akazitia sandukuni, akapiga kufuli mwenyewe. Likazikwa sanduku hilo. Nyoosha alisimama pale pale akalia mpaka sauti ikamkauka.

Na sasa shati lililozikwa lilikuwa mezani kwake, linanuka udongo mbichi.

"Nilifanyeje?"

"Ukilikataa, mwenyewe atakuja kuuliza," seremala alisema, akitaka kumchekesha.

Hakucheka. Alilipiga pasi. Mvuke ulipanda puani una harufu ya shimo. Alilitundika kwenye msumari, akaenda uani kuongeza mkaa, akarudi. Shati halipo. Kwenye msumari palining'inia malipo, yamefungwa kitambaani.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Likaja la buluu. Likaja la mistari. Likaja lile alilovaa siku ya ndoa. Kila mara ni mchana, watu wamejifungia ndani kukwepa jua. Kila mara ni pale alipogeuka mgongo. Kilichomtisha zaidi, mjukuu wangu, si mashati. Ni kwamba alianza kuyasubiri. Alianza kuongea nayo.

Jioni moja simu yake ikalia ujumbe. Ni seremala: "Kitanda nimekimaliza. Ni cha watu wawili. Nikiuze au nikiweke?"

Nyoosha akajibu: "Subiri kidogo."

Jamaa hakusubiri. Alivuka njia.

"Nisubiri nini?"

"Mashati hayajaisha."

"Yakiisha mashati zitaanza suruali. Nyoosha, mimi si mtu wa maneno mengi. Nina swali moja. Mumeo akibisha hodi leo, utamfungulia?"

Nyoosha alifungua mdomo ajibu. Ikaja harufu ya nguo inayoungua, akainua pasi haraka, na alipotazama tena, seremala alikuwa ameshatoka.

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine: "Nimepata kazi mji wa mbali. Ijumaa naondoka. Swali langu bado liko pale pale."

Ijumaa mchana, Nyoosha alikwenda uani kama kawaida. Akapuliza mkaa kwa kelele, kisha akavua viatu, akarudi ananyata, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

Hakusikia hatua. Aliona kivuli tu, kinapanda kibarazani taratibu. Mkono ukaweka shati mezani, ukalipapasa kola, kama mtu anayempapasa mtoto shingo.

"Ni wewe?" aliuliza.

Mkono ukatulia.

"Mume wangu, ni wewe?"

"Si yeye, mwanangu. Ni mimi."

Akafunua pazia. Mama mkwe wake alikuwa amesimama pekupeku, ndala zake kazibana kwapani.

"Mama? Nguo hizi si tulizizika?"

"Mlizika magunia na kuni. Aliyefunga sanduku si mimi? Nilishindwa, mwanangu. Kisima kilichukua mwili, nanyi mkataka nizike hata harufu."

"Kwa hiyo nililia kuni."

"Ulilia kuni. Nami nimelala juu ya uongo wangu. Nguo nilizificha chini ya kitanda, sakafu yangu ya udongo, zikaanza kuota ukungu. Nikasikia umeanza kupiga pasi. Nikasema, mkono uliozizoea ndio uzinyooshe. Kukwambia, haya zikanishika."

"Mama, nilidhani anarudi."

"Nami kila nikilichukua limenyooka, nadhani anajiandaa kwenda kazini. Tumekuwa vichaa wawili kwa pasi moja."

Wakashikana pale mezani, wakalia, na katikati ya kilio mmoja akaanza kucheka, sijui yupi.

"Hili ndilo la mwisho," mama mkwe alisema, akijifuta. "Hayo mengine nitayagawa, yavaliwe na walio hai. Nimempita fundi wako anafunga kitanda kwenye mkokoteni. Kitanda kizuri kile. Kitalaliwa na nani?"

"Unanifukuza, mama?"

"Nakufukuza kwa marehemu, si kwangu. Kwangu utakuja, na huyo fundi aje nawe. Mlango wangu haufungwi."

Nyoosha akavuka njia pekupeku, jua linachoma nyayo. Seremala alikuwa anakaza kamba, hakugeuka.

"Fundi."

"Naam."

"Ningemfungulia."

Kamba ikasimama mikononi mwake.

"Ningempa maji ya kunywa, ningempa shati lake limenyooka," alisema Nyoosha. "Kisha ningemwambia aketi kibarazani amsubiri mume wangu, yuko hapo ng'ambo anapiga randa."