Bundi Aliyebeba Lawama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Benta aliteka maji ziwani, akayachemsha, kisha akayamimina mtungini yapoe. Mama yake, Rosa, alikuwa tayari ufuoni Luanda Kotieno akianika omena, dagaa wa ziwani. Baba yake, Dalmas, alikata miti katika msitu wa kisiwani na kuvusha magogo kwa mashua.

Jumatatu moja ya mwaka 1974, Benta alipokuwa akiokota kuni, alisikia kitu kikikoroma ndani ya gogo moja la baba lenye pango. Alichungulia. Kinda la bundi lilimtazama kwa macho meusi, mapana. Manyoya yake yalikuwa meupe kama pamba.

"Umetolewa kwenu, na mama yako hajui uliko," Benta alinong'ona.

Alimficha kwenye tenga kuukuu nyuma ya ghala, akamwita Pamba. Rafiki yake Aoko alipomwona, aliruka nyuma.

"Wewe! Hiyo ni tula, bundi! Akikaa bomani, mtu hufa."

"Basi utaanza wewe, kwa mdomo huo," Benta alijibu, nao wakacheka.

Pamba alipenda panzi, na panzi hukamatika vizuri alfajiri, kukiwa bado na umande. Kwa hiyo Jumanne Benta hakupata muda wa kuwasha moto. Alimimina maji ya ziwa mtungini vivyo hivyo.

"Umechemsha?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Jumatano alidanganya tena. Alhamisi pia.

Ijumaa, mdogo wake Enos, mwenye miaka mitatu, aliamka akihara na kutapika. Jirani yao, Mama Milka, alikuja kumjulia hali. Alipopita karibu na ghala alisikia mkoromo.

"Uwi! Dalmas, njoo! Mnafuga tula, halafu mnauliza mtoto ana nini?"

Baba alichomoa kijinga cha moto jikoni, kwa maana ndivyo bundi alivyofukuzwa tangu zamani.

"Benta, ni wewe uliyemleta?"

Benta aliitikia kwa kichwa. Habari ya maji hakuitaja. Baba alirusha kijinga. Bundi mkubwa angeruka, akaenda zake. Pamba hakuwa amejua kuruka. Alipiga mabawa yake mafupi mara mbili, akafa.

"Sasa mtoto atapona," alisema Mama Milka.

Wakaketi kungoja. Zahanati haikuwa mbali, lakini nani angemkimbiza mtoto huko wakati chanzo cha ugonjwa kimeshaondolewa? Kufikia saa sita, macho ya Enos yalikuwa yamezama. Alilia bila machozi. Mama alimpa kikombe kingine cha maji ya mtungini.

"Mama, usimpe!" Benta alikishika kikombe. "Si bundi. Ni maji. Sijayachemsha siku tatu. Nilikuwa nakamata panzi."

Hakuna aliyemgombeza, hapakuwa na nafasi. Baba alimbeba Enos akakimbia, mama na Benta wakimfuata.

Katika zahanati, muuguzi Nabwire alimtundikia mtoto chupa ya maji ya dawa.

"Amehara kwa sababu gani?" aliuliza.

Mama alimtazama Benta. "Sema mwenyewe."

Benta alisema yote. Nabwire alitikisa kichwa. "Mngengoja hadi jioni, nisingekuwa na la kufanya."

Siku ya pili Enos aliomba uji. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Jioni hiyo baba alichimba shimo dogo nyuma ya ghala. Benta alimlaza Pamba ndani yake, unyoya mmoja ukiwa umeungua. Alilia.

"Baba, yeye hakufanya kitu."

"Najua. Nilikata mti wake, kisha nikampiga bila kuuliza. Kosa hilo ni langu, nami nitalibeba." Baba alifukia udongo polepole kwa mikono. "Lakini wewe ulikuwa na neno moja la kweli, ukanyamaza. Mwenye kosa akinyamaza, adhabu humpata asiye na kosa. Enos tumemwahi. Huyu hatukumwahi. Ukweli usemwe mapema, mwanangu, ungali unaweza kuokoa."

Asubuhi Benta aliwasha moto. Panzi walirukaruka katika umande, wala hakuwatazama. Alisimama kando ya sufuria mpaka maji yakatokota.