Mzee Aliyeingizwa Ndani

Kila jioni akitoka shuleni, Esnah Nyanchama alikoka moto, akabandika sufuria ya chai, kisha akaketi kwenye kigoda na kufungua kitabu. Mara nyingi alishtuka chai ikifurika motoni. "Wewe na vitabu vyako!" mama yake angesema. "Ipo siku utatuchomea nyumba kwa sababu ya ukurasa mtamu."

Juma hilo kitabu kilikuwa riwaya mpya ya Bi. Orpah Momanyi, mwandishi mzaliwa wa kijiji chao cha Itumbe aliyesoma shule ile ile ya Esnah. Ijumaa angekuja kuzungumza na klabu ya wasomaji, na Mwalimu Ogeto, mlezi wa klabu, alikuwa amemchagua Esnah wa Gredi ya Saba asome uhakiki wake mbele ya mgeni. Heshima iliyoje! Esnah alitamani kuwa mwandishi kuliko kitu kingine chochote, na juma lote alitembea kijijini kichwa juu.

Uhakiki ulikuwa tayari. Alikuwa ameandika kwamba riwaya "inasisimua mwanzo hadi mwisho", maneno aliyoyachota kwenye jalada la nyuma. Mwalimu aliusoma akatabasamu. "Safi sana. Usibadilishe hata nukta."

Hata hivyo, Esnah hakuwa na amani. Kulikuwa na sura moja iliyosifiwa na kila mtu, ile ambamo Mzee Nyakundi anapatana na mwanawe baada ya ugomvi mrefu. Yeye haikumgusa hata kidogo, wala hakujua ni kwa nini.

Alhamisi mvua ilimkuta Babu Onyiego, mzazi wa baba yake, akitoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyanunulia. Alijibanza upenuni mwa nyumba ya kina Esnah, maji yakimchuruzika kofiani.

"Babu, ingia uote moto!" Esnah akaita, kisha akajiuma ulimi.

Babu alicheka. "Niingie nyumba ya mwanangu aliyeoa? Unataka wazee wenzangu wanifanye kichekesho? Niletee kikombe hapa hapa nje."

Ndiyo *chinsoni* hiyo, heshima ambayo Abagusii huishika baina ya mzazi na nyumba ya mwanawe. Esnah alimpelekea chai, na alipomwona amesimama pale upenuni, akakumbuka Mzee Nyakundi wa riwayani, Mgusii kama Babu. Yule alipita mlangoni moja kwa moja, akaketi kwenye kochi la mwanawe aliyeoa na kula ugali!

"Babu, baba akitaka kupatana na mwanawe, hufanyaje?"

"Husimama nje. Mwana ndiye hutoka. Akimfuata baba yake mpaka mvuani, basi yamekwisha."

Esnah alirudi ndani akaandika uhakiki upya.

Asubuhi alimpelekea Mwalimu Ogeto. Alipousoma, uso ukamkunjamana. "Huyu ni mgeni wetu, Esnah! Unataka tuonekane hatuna adabu?"

"Mwalimu, ule wa kwanza haukuwa wangu. Niliuokota kwenye jalada."

Mwalimu akamrudishia karatasi. "Haya, usome. Lakini ukiulizwa, utajibu mwenyewe."

Alisimama mbele ya mgeni. Alisoma yote aliyoyapenda, na yalikuwa mengi. Kisha akasema, "Lakini sura ya upatanisho sikuiamini. Mzee Nyakundi angesimama nje, na mwanawe angetoka kumlaki."

Wanafunzi wakatazamana. "Umetuangusha!" Lewis, mwenzake wa klabu, akanong'ona kutoka dawati la mbele.

Bi. Orpah alivua miwani. "Mara ya kwanza nilimsimamisha nje," alisema polepole. "Nikahofia kwamba wasomaji wa mbali hawataelewa, nikamwingiza ndani. Moyo ulinisuta, nikaupuuza. Tangu kitabu kitoke nimemwagiwa sifa, na hakuna aliyeniambia hili ila wewe."

Kisha akawageukia wanafunzi wote. "Mwandishi hukaa peke yake na maneno yake muda mrefu sana. Sifa humfurahisha, lakini msomaji mkweli humrudisha mezani aandike vizuri zaidi. Uhakiki si kupamba kitabu wala kukirarua. Kisome mwenyewe, uwaze mwenyewe, kisha useme ukweli wako kwa heshima. Esnah amefanya hivyo, nami naona fahari kwamba nilisoma shule hii."

Mwalimu Ogeto ndiye aliyetangulia kupiga makofi, tena kwa nguvu, kifua mbele.

Jioni Babu alikuja, akasimama pale pale upenuni, akasimuliwa yote.

"Kwa hiyo mzee huyo atatolewa nje?"

"Bi. Orpah ameahidi. Kitabu kikichapishwa tena, mwanawe atamfuata mvuani. Na tazama alivyoniandikia." Esnah akafungua ukurasa wa kwanza wa riwaya na kusoma, "Kwa Esnah, msomaji wangu wa Itumbe."

"*Mbuya mono!* Vizuri sana!" Babu akafuta macho kwa kofia. Ng'ambo ya shamba la chai majirani walikuwa wakichuma, naye akawaelekezea kidole. "Soma tena, mjukuu wangu. Na safari hii paza sauti, wale pale hawajasikia."