Milango Minane ya Bwana Magunia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kupeleka cherehani sokoni. Jina lake la darasani lilikuwa jingine, lakini tangu alipojifunza kusema hakuwahi kunyamaza, basi mtaa mzima ukamwita Chiriku. Mama alibeba kichwa cha cherehani begani, naye akashika mfuko wa vitambaa na kigoda. Meza ya chuma ililala sokoni, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo.

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingi za mvua, miguu ya meza ilikuwa ndani ya maji.

"Tena," alisema Chiriku.

"Tena," alijibu mama. "Weka mfuko juu, ushike huku."

Mtaro wa soko ulikuwa umeziba tangu mwaka uliopita. Mvua ikinyesha kidogo tu, maji meusi yalipanda na kukaa, na harufu yake ikawafukuza wateja. Waliinua meza juu ya matofali. Pembeni yao fundi viatu, jirani yao wa miaka mingi, alikuwa akichota maji kwa kopo kutoka mahali pake pa kukalia.

"Mwenyekiti wa soko amesemaje?" mama alimuuliza.

"Sanduku la soko ni tupu. Ameniambia nivute subira. Shemeji, nimeivuta mpaka imekatika."

Kila mtu alijua kwa nini sanduku lilikuwa tupu. Katika soko lile ushuru ulitozwa kwa mlango. Mlango mpana wa duka kubwa ulilipa ushuru mkubwa, na mlango mwembamba wa kibanda ulilipa mdogo. Wasio na mlango, kama mama na fundi viatu, walilipa sawa na kibanda. Ukifika mkutano, kila aliyeandikwa kulipa alikuwa na kura moja.

Sasa, mwenye duka la jumla, waliyemwita Bwana Magunia, zamani alikuwa na mlango mmoja, mpana kiasi cha lori kuingia kinyumenyume. Siku moja ya mapumziko aliita maseremala. Soko lilipofunguliwa, mlango mpana haukuwapo. Palikuwa na milango minane myembamba, kila mmoja na kibao chake. Huu wa mkewe, huu wa kaka yake, ile ya mashemeji, na kadhalika. Ndani, mbao za kutenganisha zilifika kiunoni tu. Ungeingia mlango wa kwanza kununua sukari, ukatokea wa sita na pakiti ya misumari, na anayepokea pesa ni yuleyule Bwana Magunia. Ushuru wa milango yote minane haukufika hata nusu ya ule wa mlango mmoja mpana, lakini kura sasa zilikuwa nane.

"Lakini si duka moja?" Chiriku aliwahi kumuuliza mtoza ushuru, mama mnene mwenye mwavuli na mkoba wa risiti.

"Mwanangu, kanuni inaniambia nihesabu milango. Hainiambii nichungulie ndani. Nimesema ibadilishwe, nimeandika ibadilishwe, sasa naona hata kalamu imenichoka."

Asubuhi hiyohiyo ya maji, Bwana Magunia alikuja mwenyewe, suruali kaikunja, akiruka madimbwi kwa uangalifu.

"Dada yangu," alimwambia mama, "hivi kweli fundi kama wewe ukae na vyura? Mlango wangu wa nane sasa hauna mtu. Njoo ukae, bure. Ila tutaandika kibao kwamba ni duka lako. Ni karatasi tu, mambo ya ofisini. Ushuru wake nitalipa mimi, wewe usihangaike."

Mama hakumjibu siku ile. Alirudi nyumbani akasali juu ya jambo hilo, maana hakuwa mtu wa kukimbilia kitu. Chiriku naye alisali, ila yeye alimwomba Mungu ule mlango moja kwa moja.

"Mama, miguu yako imevimba kwa maji. Tutakataa nini?"

Mama alitazama miguu yake. Siku ya pili walihamia.

Ee, palikuwa pazuri. Sakafu ya saruji, taa juu ya kichwa, na mvua unaisikia tu kwenye bati. Wateja waliongezeka. Mtoza ushuru alipopita na mwavuli wake, alisimama mlangoni akauliza, "Na huu wa nani?"

Mama alikuwa ameshika pini mdomoni. Bwana Magunia alikuwa nyuma yao, akijifanya anapanga maboksi. Chiriku hakungoja.

"Wa mama."

Mtoza ushuru alimtazama kidogo, kisha mama, kisha akaandika risiti.

Basi ikaanza mikutano. Mtoza ushuru na wauzaji wa chini, wale wasio na milango, walitaka kanuni ibadilishwe, ushuru utozwe kwa mzigo unaoshushwa, si kwa mlango. Anayeshusha lori alipe cha lori, anayeshusha kapu alipe cha kapu. Jambo lenyewe mtoto wa darasa la pili angelielewa. Lakini mkutano wa kwanza uliahirishwa kwa sababu viti havikutosha. Wa pili viti vilitosha, vilivyoletwa na Bwana Magunia pamoja na turubai na soda, ila mwenyekiti alisema hoja nzito kama hiyo inahitaji kamati ndogo. Kamati ndogo ikakaa, ikasema inahitaji mtaalamu. Mtaalamu akaja, akanywa soda, akasema kanuni ni nzuri ila inafaa kutazamwa, akaenda zake. Mara moja tu walifika kwenye kura, na milango minane ikainua mikono minane, waliopewa viti vya mbele wakaifuata, hoja ikazimwa. Mama siku hiyo aliinua mkono wake nusu, kama mtu anayejikuna.

Maji yakaendelea kupanda. Mwishowe mwenyekiti akaja na dawa yake.

"Tutaongeza ushuru kwa wanaokaa chini," alitangaza. "Wenye milango tusiwaguse. Wakikasirika wakahama, tutabaki na nini?"

Fundi viatu aliposikia hivyo alianza kufunga nyundo zake kwenye gunia.

"Unakwenda wapi?" Chiriku alimuuliza alipopita kutoka shule.

"Sijui bado. Ushuru huo ukipita, siku nzima nitashona viatu vya mwenyekiti." Akamtazama viatu vyake vikavu. "Wewe una shida gani, mwenye duka? Karibu, mwenye duka. Angalia usiloe."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma. Mzee huyu ndiye aliyemtengenezea Chiriku viatu vya shule kila vilipofumuka, na mara nyingi alikataa malipo.

Alimkuta mama akifumua mshono aliokwisha kuushona.

"Mama, kwani sisi tumeiba?"

"Hatujaiba."

"Basi kwa nini unashona kombo?"

Mama alikata uzi kwa meno. "Kwa sababu kila nikiinua macho naona wenzangu wamesimama kwenye maji, na mkono wangu ndio unaoyazuia maji yasitoke."

"Tukiondoka tutarudi kulekule."

"Tutarudi kulekule."

Chiriku alikasirika na kila mtu. Alimkasirikia Bwana Magunia na vibao vyake, mwenyekiti na kamati zake, mama na ukimya wake. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, maana yale maneno mawili aliyoyasema pale mlangoni hakutumwa na mtu ayaseme.

Mkutano wa kuongeza ushuru ulifanyika chini ya turubai la Bwana Magunia. Wauzaji walidai kwamba kabla ya hoja ya mwenyekiti, ile hoja ya mzigo ipigiwe kura tena. Mwenyekiti alipumua kwa nguvu, akakubali. Chiriku alisimama nyuma ya kiti cha mama, bado na sare ya shule.

Mtoza ushuru aliinuka. "Kabla ya mikono kuinuliwa, nataka kujua kila kura ina mwenyewe. Mlango wa nane ni wa nani?"

Bwana Magunia alicheka. "Huyu mama ana maswali. Si ulijibiwa? Tena na binti wa mwenye duka. Yule pale, muulize tena."

Vichwa vyote viligeuka. Chiriku, ambaye mwalimu humtoa nje kwa kuzungumza, alikamata kwanza mgongo wa kiti cha mama. Alimtazama mama, na mama akasema taratibu, "Usiseme ninachotaka mimi. Sema unachokijua."

"Nilidanganya," alisema Chiriku. Sauti ilikuwa ndogo, akaiongeza. "Duka si la mama. Mama amepewa kona ya kushonea. Sukari si yake, misumari si yake, ushuru halipi yeye. Duka lote ni la Bwana Magunia. Nilisema ni la mama kwa sababu pale ndani hapalowi."

Mama akasimama kando yake. "Ni kweli. Nami nilinyamaza, na nilikuwa na mdomo. Kura ya mlango ule siitaki. Nataka ile yangu ya kukaa chini, na naipa mzigo."

"Na milango mingine?" aliuliza mtoza ushuru.

Mmoja wa mashemeji wa Bwana Magunia, kijana mwembamba aliyeonekana kuchoka, akasema, "Mimi jina langu liko kwenye kibao, lakini ukiniuliza bei ya unga mle ndani siijui."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti alijipangusa uso, akasema jua ni kali, pengine wapumzike kwanza, soda zipo.

"Mwenyekiti," alisema fundi viatu, "soda hizo zimetunyima mtaro tangu mwaka jana. Leo tupige kura, halafu tutakunywa."

Hata wale waliozoea kukaa upande wa viti vya mbele walisema ndiyo, ndiyo. Mkutano ukakubaliana duka moja lina mkono mmoja. Bwana Magunia aliuinua wake kupinga, na mwenyekiti naye akauinua wake kumsaidia. Mikono mingine yote ikaenda kwenye mzigo, na ile hoja ya kuwaongezea ushuru wanaokaa chini haikusomwa hata.

Bwana Magunia aliwafuata wakitoka. "Nilikupa mahali pakavu, dada."

"Ulinipa, na nilikushukuru," mama alimjibu. "Sikujua kwamba kodi yake ni ulimi wa mwanangu."

Jioni hiyo meza ya chuma ilirudi kwenye nguzo, na miguu yake ikarudi majini.

Msidhani mtaro ulizibuliwa kesho yake. Pesa ziliingia, lakini mwenyekiti alitaka kwanza ipatikane siku ya kukata utepe, na utepe wenyewe ulisumbua. Mtoza ushuru alikwenda kumkalia ofisini na mwavuli wake mpaka akatia sahihi bila utepe. Vibarua wakaja na majembe, wakatoa matope, magunia mabovu na mbao zilizobaki za maseremala. Maji yakatelemka. Bwana Magunia alinuna, alitishia kuhama, lakini hakuhama, maana wanunuzi wake wote walikuwa hapo.

Siku ardhi ilipokauka, Chiriku alikaa kwenye kigoda akimsaidia mama kutia vifungo. Fundi viatu alikuwa ametandaza tena nyundo zake.

"Mama, mbona Bwana Magunia hakushtakiwa?"

"Kwa kosa lipi? Kanuni ilihesabu milango, naye alitengeneza milango. Ndiyo maana ilibidi kuibadilisha kanuni, si kumtukana yeye."

"Lakini ilichukua muda mrefu hivyo, na kila mtu alikuwa anaona."

Mama aliutoa uzi kwenye sindano, akauweka kando, jambo alilolifanya akiwa na neno la kusema.

"Tulikuwa tunaona, ndiyo. Lakini mmoja alipewa kiti, mwingine soda, sisi tukapewa kona. Kanuni mbaya haikai kwa nguvu ya tajiri peke yake, mwanangu. Inashikiliwa na wadogo, kila mmoja kwa kile kidogo alichopewa. Mungu akikuwekea kitu mkononi, mshukuru. Binadamu akikuwekea, muulize kwanza anataka unyamazie nini."

Kisha akautia uzi tena kwenye sindano, akaendelea na kazi.