Mawese Miguuni mwa Ndagala

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Asma alifagia uwanja, akamnawisha uso mdogo wake Nadia, kisha akamtengea Ndagala kichwa cha samaki. Ndagala alikuwa paka wa kijivu, na jina hilo alilipata kwa kuwapenda mno wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani kule Rumonge. Akishashiba, huyo sebuleni, kucha nje, kwaruu kwaruu kwenye kanape jipya, kile kiti kirefu cha wageni cha mama yao, Jamila.

Kanape hilo Mama alikuwa amelifumia vitambaa vyeupe, kwa kuwa Jumapili wageni wangekuja kumposa Shangazi Mwanvua.

"Asma, mimi nimechoka," Mama alisema, akipapasa nyuzi zilizochomoka. "Akiendelea hivi, Jumamosi mjomba wako Kassimu anamubeba mpaka Magara. Kule panya wanamumalizia nyavu zake. Atapata kazi."

Asma alikosa raha siku nzima. Ndagala alikuwa akilala miguuni pake tangu akiwa kitoto. Nani angemkuna shingo huko Magara?

Jioni alimwona Shangazi akijipaka mawese kwenye visigino vilivyopasuka. Vilikuwa vimeanza kulainika. Basi Asma akapata wazo. Mafuta yanayolainisha kisigino yatashindwaje na kucha?

Jumatano, Mama alipokwenda sokoni, Asma alichota mawese jikoni akampaka Ndagala, mguu mmoja mmoja, akimbembeleza kama bibi harusi. Ndagala alivumilia miguu mitatu. Wa nne ulipofikiwa, alichomoka.

Loo, alipita wapi na hakupita wapi? Kanape lote lilijaa nyayo nyekundu, vitambaa vyeupe ndivyo vilivyopata zaidi. Asma alicheka sana, kisha akawakumbuka wageni na kicheko kikamkauka.

"Nani amegusa mawese yangu?" Mama aliuliza aliporudi.

Nadia alisimama mlangoni, kidevu chekundu kwa mchuzi wa mchana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Asma. Mtoto wa miaka mitatu angejitetea vipi? Lakini Nadia alimtazama dada yake akatabasamu, na Asma akaona aibu.

"Ni mimi, Mama," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Nilitaka kucha zake zilainike, asipelekwe Magara."

Mama alizitazama zile nyayo. Akamtazama Ndagala, aliyekuwa akijilamba mguu kwa raha zake. Akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mutoto huyu," alisema. "Umemuunga paka kama mboga?"

Asma alifua vitambaa kwa maji ya moto na sabuni, akaanika, akarudia. Baba yao, Ibrahim, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukamua mawese, alisikia habari hiyo akacheka naye.

"Kucha za paka hazilainiki," alimwambia. "Na hakwaruzi kwa ubaya. Ndivyo anavyotoa maganda ya zamani. Tumpe mahali pake."

Kesho yake alileta kipande cha gogo la mchikichi, chenye magamba makavu, akakisimamisha kando ya kanape. Asma alikisugua kwa samaki. Kila Ndagala alipolinyemelea kanape, Asma alimbeba taratibu hadi kwenye gogo.

Jumamosi Mjomba Kassimu aliingia na kikapu, akasalimu.

"Amahoro. Yuko wapi mfanyakazi wangu?"

Ndagala aliamka, akajinyoosha, akalikaribia kanape. Asma alibana pumzi. Paka akalipita, akalirukia gogo, kwaruu kwaruu.

"Kassimu, rudi na kikapu chako," Mama alisema. "Huyu amepata kazi hapa." Kisha akamvuta Asma karibu. "Siku ile niliona ulivyomtazama Nadia. Ungemsingizia, ningemwadhibu asiye na kosa, na paka wako angeondoka, maana nisingejua linalokusumbua. Uliposema kweli, ndipo tukaweza kukusaidia."

Jumapili wageni walikuja, wakala, wakapendezwa. Shangazi Mwanvua hakunyanyuka kwenye kanape hata mara moja, na watu wakamsifu kwa utulivu wake. Asma peke yake ndiye aliyejua kwamba amekalia unyayo mmoja mwekundu uliokataa kutoka.