Kinanda cha Alhamisi Kuu

"Taratibu, jamani! Hilo si gunia la mahindi!"

Sauti hiyo ilimgeuza Vitalia shingo. Alikuwa stendi ya Mbinga kutuma sare za shule alizoshona, na mvua ya usiku ilikuwa imegeuza stendi nzima kuwa matope. Utingo alikuwa akiteremsha kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi, na chini yake kijana mmoja, shati jeupe limemkaa sawasawa, amenyoosha mikono kama anayepokea mtoto mchanga. Blanketi likateleza. Kumbe kinanda!

Vitalia akasahau sare. Yeye ndiye mwalimu wa kwaya ya parokia. Tangu Bernadi ahamie Songea hawakuwa na mpiga kinanda, na Kwaresima ilishaanza.

"Kaka, unakipiga au unakibeba tu?"

Kijana akamtazama: gauni la kitenge cha kijani, sweta jeusi lililofungwa vifungo mpaka shingoni, macho yasiyotulia. "Nakipiga, dada. Leo nimekosa wa kunipokea, ndiyo maana nakibeba."

Aliitwa Aidan, mwalimu mgeni wa sekondari, Mwanglikana kutoka Liuli ziwani. Jumamosi ile ile alikuwa amekaa mbele ya kwaya.

Kila baada ya mazoezi wawili hao walibaki kuchagua nyimbo za Misa, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

"Huu una besi tamu, Vita," Aidan alisema siku moja.

"Usiniite Vita. Na besi tamu haitoshi. Injili ya Jumapili ni ya mwanamke wa kisimani, wewe unaniletea wimbo wa Jumapili ya Matawi!"

"Basi chagua wewe, kipenzi. Mimi nitakufuata hata huko kisimani."

Vitalia alicheka, akainamisha uso. Jioni simu ikiita, moyo wake ulitangulia kuipokea kabla ya mkono.

Ikaja Alhamisi Kuu. Kanisa lilifurika mpaka barazani. Kwenye wimbo wa Utukufu kengele zililia, Aidan akapiga kinanda hadi madirisha yakatetemeka. Kisha ukafika wakati wa kuosha miguu. Kwaya ikaanza kuimba kwa sauti tupu, taratibu. Ghafla kinanda kikaingia kwa kishindo, kikaufunika wimbo wote. Paroko aligeuka. Wazee wakakohoa. Aidan, badala ya kuacha, akaongeza sauti.

Misa ilipokwisha Vitalia alimkuta nje, kwaya nzima imewazunguka.

"Umenidhalilisha, Aidan! Usiku huu kinanda hunyamaza baada ya Utukufu mpaka mkesha wa Pasaka. Ulitaka watu wakusifu vidole? Nilijua tu, mtu wa kwenu hawezi kuheshimu mambo ya kwetu."

"Leo imekuwa kwenu na kwetu," Aidan akasema. Akafunga kinanda chake kwenye blanketi, akaondoka.

Pasaka iliimbwa bila kinanda. Jumatatu yake Gertrude, rafiki yake wa sauti ya pili, alimkuta Vitalia kwenye cherehani.

"Mwalimu, hivi ulimwambia lini kwamba kinanda hunyamaza?"

Vitalia akasimamisha cherehani. Hakumwambia. Yeye alizaliwa ndani ya desturi ile. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna Mkristo asiyeijua. Siku hiyo alishona kola kinyume, akafumua, akaishona kinyume tena. Alipiga simu, haikupokelewa. Akaenda sokoni, akarudi bila alichofuata. Akapiga tena.

"Niko nyumbani Liuli," Aidan alisema hatimaye. "Shule imefungwa."

"Nikija?"

"Barabara ni ya wote, Vitalia."

Alishuka Liuli sweta likiwa mkononi, jasho likimtiririka mgongoni. Harufu ya samaki wanaokaushwa ilijaa njiani. Aliifuata sauti ya kinanda mpaka kanisani, akaikuta kwaya katikati ya mazoezi. Wote wakanyamaza.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Nilimkaripia Aidan mbele ya kwaya yangu kwa jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Nimekuja kumwomba radhi mbele ya kwaya yake."

Mama Glorious, mkubwa wa kwaya, alimpima kuanzia kilemba hadi viatu. "Unaimba sauti gani, mwanangu?"

"Ya pili, mama."

"Ya pili tumepungukiwa. Kaa hapa."

Mazoezi yalipokwisha wakatembea ufukweni, viatu mkononi.

"Nilidhani kwaya imepotea," Aidan alisema. "Nikaongeza sauti niwashike. Nikushike wewe. Kosa la kinanda ni langu, nalibeba. Lakini lile neno la 'mtu wa kwenu' bado linaniuma."

"Nililisema nikuumize. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Ila silali, Vitalia. Nataka kukuoa, na sijui kama kwenu watanipokea."

"Paroko atatuombea kibali kwa askofu. Watu wa makanisa mawili huoana."

"Na wimbo wa kuingilia nani atachagua?"

"Mimi."

"Nilijua!"

Wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Vitalia alitoa simu, akampigia baba yake, mzee Pankras, huko Matiri kwenye mibuni yake.

"Shikamoo, baba. Kuna mtu nataka kumleta nyumbani. Ananiposa. Ni Mwanglikana."

Vitalia aliushika mkono wa Aidan mpaka kucha zikazama.

"Watoto watabatizwa wapi?" mzee aliuliza.

"Hatujafika huko, baba."

"Basi fikeni huko kwanza, ndipo mfike kwangu. Nawasubiri."

Akakata. Aidan alikuwa amesikia kila neno. Walitazamana, hakuna aliyejua acheke au alie. Kisha Vitalia akatandika sweta lake mchangani, akakaa, akamvutia kando yake.

"Haya," alisema. "Anza wewe."