Mwenye Wiki Ndiye Mwenye Nyumba

"Agosti sitaweza," alisema Corwin.

Nilikuwa jikoni kwangu Toronto, simu nimeibana begani, nikiandika orodha ya vitu vya kununua: mahindi, nyama ya kuchoma, mvinyo.

"Hutaweza nini?"

"Kuja kwenu ziwani. Nina kazi."

"Corwin, likizo hii naipanga tangu Pasaka. Wiki ya kwanza ya Agosti, maji yamepata joto, usubi umeshakwisha. Watu wa lile ziwa wanatoana macho kwa ajili ya wiki hiyo."

"Najua. Gati zao naziweka mimi."

"Sasa?"

"Sasa nenda na ndugu zako, Sloane. Mtafurahi."

Akakata simu.

Tulikuwa na miaka miwili ya mapenzi. Corwin Dunkley anaishi kulekule Ziwa Kestrel, saa mbili na nusu kwa gari kutoka kwangu. Barafu ikiyeyuka anaweka majini gati za matajiri, zile za mbao za kufungia boti, na kabla haijarudi anazitoa, kama alivyofanya baba yake. Sisi akina Hathersage tumo miongoni mwa hao matajiri, sina haja ya kuficha. Nyumba yetu ya ziwani tunagawana kwa wiki, na babu alituachia sheria moja: mwenye wiki ndiye mwenye nyumba. Yeye ndiye anayesema nani alale wapi, kipikwe nini, na nani aoshe vyombo. Hata kwenye daftari lililo mezani mlangoni, jina lake huandikwa kushoto, upande wa wenyeji. Waliobaki wote huandikwa kulia.

Miaka yote nilikuwa naangukia Juni, naumwa na usubi hadi ndani ya masikio. Mwaka huu kura ilinipa Agosti, na nilitaka kukaa na Corwin pale mbele ya watu wote. Mpaka wakati huo tulikuwa tunaonana kwake au kwangu tu.

Nikamwandikia: "Kuna mwanamke mwingine? Niambie nijue moja."

Jibu likaja: "Yupo. Anaitwa Philippa."

Philippa ni mama yangu. Nikampigia palepale.

"Unanitania?"

"Fungua barua pepe ya mama yako ya Jumatatu. Mpango wa vitanda."

"Wewe umeupataje?"

"Kanitumia ili nijue pampu ya maji niiwashe lini. Mimi ni fundi wenu, au umesahau?"

Sikuwa nimeufungua. Kila mwaka mama hutuma mpango uleule, na vile vitanda navijua tangu utoto. Nikaufungua sasa. Chumba cha mbele, kaka yangu Alistair na mkewe. Chumba cha juu, mama. Chumba cha kati, Sloane. Halafu chini kabisa: "Corwin, darini, banda la boti. Apitie mlango wa jikoni."

Darini kwenye banda la boti ndiko walikolala watumishi enzi za babu. Siku hizi wanalala panya.

"Corwin, nimeiona," nikasema.

"Miaka kumi na minne napitia mlango wa jikoni wa nyumba ile. Hiyo ni kazi, sina kinyongo nayo. Lakini siendi likizo kulala darini huku nakusikia wewe unacheka kwenye nyumba kubwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uone mwenyewe. Umekaa na hiyo barua siku nne, Sloane."

Hayo yaliniingia. Niliona aibu mpaka nikakaa chini.

"Nipe hadi Jumapili."

"Na ukishindwa?"

"Sijawahi kushindwa na mama yangu. Huwa namwachia tu."

Nilimsikia akicheka kidogo, na nikajua bado ninaye. Nilijua pia kwamba nikirudi mikono mitupu, sitakuwa naye tena.

Jumapili tulikula kwa mama, kuku wa kuoka na viazi. Nilimwacha amalize kusifia kuku wake.

"Mama, ule mpango wa vitanda kaupanga nani?"

"Nani mwingine? Miaka thelathini napanga mimi."

"Na ile wiki ni ya nani?"

Mama akaweka uma chini. "Sloane, usianze."

"Nauliza tu. Ni ya nani?"

"Yako."

"Na mwenye wiki ndiye?"

"Mwenye nyumba," akamalizia Alistair, mdomo umejaa viazi. Mama alimtupia jicho, naye Alistair akarudi kwenye sahani yake haraka.

"Yule ni fundi wetu," mama akasema. "Watu wa ziwani watasema nini?"

"Watasema Sloane kapata mwanaume anayejua kuwasha pampu."

"Mimi namfikiria yeye. Kule darini atakuwa huru, kazoea maisha ya hivyo."

"Nani kakwambia kazoea? Umewahi kumuuliza?"

Mama akajiongezea viazi.

"Basi sikia mpango wangu. Chumba cha mbele, mimi na Corwin. Alistair na mkewe, cha kati."

"Cha kati hakioni ziwa," Alistair akalalamika.

"Utaliona ukitoka nje. Mama, wewe baki na chumba chako cha juu. Darini tuwaachie panya."

"Unamtoa mama yako kwenye uenyeji kwa ajili ya mtu wa gati?"

"Sikutoi. Nakukaribisha. Wiki hiyo wewe ni mgeni wangu, na wa Corwin. Nampenda, mama. Ukija nitafurahi. Usipokuja, nitaumia, lakini tutakwenda."

Mama aliinuka, akaanza kukusanya sahani ambazo bado tulikuwa tunazilia.

Nilimtumia Corwin picha ya mpango mpya.

"Na mlango?" akauliza.

"Wa mbele. Ila viatu vya matope uvivue."

"Nitaamini nikiona."

Jumamosi ya kwanza ya Agosti aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na viatu vipya, akavivua hata hivyo. Nilimpa kalamu. Alifunua kurasa chache za nyuma za lile daftari. Miaka kumi na minne, jina lake halikuwahi kuandikwa humo hata mara moja. Akaandika kushoto, chini ya jina langu, polepole.

Alistair na mkewe walifika mchana. Mama hakutokea. Nilishajiambia haji, na nilikuwa nimeshalia kidogo bafuni, ndipo saa kumi na moja jioni nikasikia gari lake.

Aliingia, akachukua kalamu, akasoma upande wa kushoto. Mkono ukasimama hewani.

"Miaka thelathini naandika upande huu, wiki iwe ya nani," akasema.

"Najua, mama."

Corwin alitoka jikoni na taulo begani. "Karibu, Bi Hathersage. Nikupokee mkoba?"

Mama alimtazama tangu soksi hadi nywele. Kisha akainama, akaandika jina lake upande wa kulia, kwa herufi zake kubwa zilezile.

"Niite Philippa," akasema, akampa mkoba. "Chakula saa ngapi?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza yeye.

"Saa moja, Philippa," Corwin akajibu. "Na leo vyombo wanaosha wageni."

Mama alivua pete zake mbili, akaziweka juu ya daftari, akaanza kukunja mikono ya blauzi.